Jicho la Shangazi

Tangu shangazi yake azikwe, fundi hakuwa amelia. Majirani walisema ana roho ngumu; wengine wakasema bado halijamwingia. Mwenyewe hakujua. Alikuwa kama mguu uliokaliwa mno: upo, lakini haujisikii.

Alifungua chumba cha ushonaji, akafagia, akatia cherehani mafuta. Kitambaa cha bibi harusi kilikuwa mezani, cheupe, kimekunjwa vile vile alivyokiacha marehemu. Harusi ilikuwa Jumamosi. Mama wa bibi harusi alishapita kutoa pole, akaongeza kwa upole kwamba kama kazi imeshindikana aambiwe mapema, maana kitambaa kile hakipatikani tena. Fundi akajibu kitakatwa leo. Mdomo ulijibu tu. Mkono haukuwa na habari.

Siku zote mkasi ulikuwa wa shangazi. Akiushika huwategea wanafunzi wake kitendawili chake: ana midomo miwili, hasemi, lakini akipita huacha njia. Kisha hufumba jicho la kulia, akainamisha kichwa, na mkasi ukanyooka. Fundi naye alipochora kwa chaki alifumba jicho hilo hilo, na wasichana wawili waliokuja kujifunza wakafuata.

Sasa akashika mkasi, akafumba jicho.

Mume wa marehemu alikuwa mlangoni, amekuja kuchukua kiti cha mkewe. Akamtazama, akaguna.

"Mwanangu, jicho lako lina nini?"

"Ndivyo alivyonifundisha."

"Hilo hakukufundisha. Lile lake lilikuwa na mtoto wa jicho. Alilifumba kwa sababu lilimharibia mstari, na alificha ili wateja wasimkimbie."

Fundi akaweka mkasi chini. Miaka yote hiyo alikuwa ameazima ugonjwa wa watu akadhani ni ufundi. Angecheka, kama kicheko kingekuwepo. Akageuka kwa wasichana: wote wawili wamefumba la kulia, wamesimama kama kuku wanaosinzia. Na hawakuwa wakimwiga marehemu. Walikuwa wanamtazama yeye.

"Fumbueni," akasema. "Na mimi nafumbua. Nikienda kombo, niambieni hapo hapo."

Wakatazamana. Enzi za shangazi, mkasi ukishaingia kwenye kitambaa hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Akakata. Kwa macho mawili meza ilionekana pana kupita kiasi. Alipofika kwenye kwapa, yule msichana mdogo akasema kwa sauti ya chini, "Dada, unakula mstari."

Akasimama. Kweli, mkasi ulikuwa umeingia ndani ya mstari kwa upana wa ukucha. Akarudi kwenye chaki, akamwambia ahsante, kwa sauti ile ile ya kumwambia mtu alete uzi.

Mzee akajitwika kiti cha mkewe, akaenda zake. Fundi hakulia hata hapo. Alikiweka kando kipande cha mgongo, akamwita yule mkubwa aje ashike ncha ya pili ya kitambaa, wakate mikono ya gauni.