Kibuyu Kimoja cha Rubisi

Buberwa alikuwa akipunguza majani makavu ya migomba baraza la mahakama lilipofika shambani kwake. Miaka kumi na moja aliifuata kesi mahakamani Kamachumu kwa miguu; leo kesi imemfuata yeye. Hakimu, karani Muhidini na Datius, mdai wa shamba, walihesabu hatua kutoka mpakani hadi kwenye kaburi la baba yake Buberwa, kisha wakaketi barazani pake wakifuta jasho.

Balaa lenyewe lilianza kwa adabu. Mwaka 1938 Datius alipopewa vibanja vya migomba vya jirani viwe nyarubanja yake, ardhi ya bwana ambayo wakaao humo humlipa kodi, baba yake Buberwa alimpelekea kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, kumkaribisha. Jamani, kumkaribisha tu! Mahakamani kibuyu kikageuka kodi: ampelekeaye bwana pombe ni mpangaji wake, shamba si lake. Mzee akafa akingoja hukumu, akazikwa humo humo. Mahakimu wanne wamepita. Faili limekwenda Bukoba, likarudi limepungua kurasa.

Ndani, mkewe Klaudia alishika kikapu cha buni za kutafuna. Uhaya mgeni haondoki mdomo mtupu.

"Watasema sisi wanyama," alinong'ona.

"Waseme. Baba alikuwa mtu wa watu, ona kilichompata."

Nje hakimu alikohoa. "Mwenye nyumba, koo limekauka."

"Pole, waitu, mheshimiwa. Kijito kiko pale bondeni."

Datius alicheka. "Huyu hana adabu."

"Adabu yetu uliimaliza mwaka thelathini na nane."

"Hata buni, Buberwa?" Muhidini aliuliza taratibu.

"Hata buni. Na uandike, karani: baraza limekaa kwangu tangu asubuhi, halikupewa pombe wala buni."

Muhidini alimtazama hakimu, kisha akachovya kalamu, akaandika.

Hakimu aliinuka. Alisema amepata uhamisho, ataondoka mwisho wa mwezi. Atakayekuja atasikiliza shauri upya.

"Upya tangu wapi?"

"Tangu mwanzo."

Buberwa aliimeza hasira. "Naye aje. Atanikuta hapa hapa."

Walipoondoka, Klaudia alitoka na kikapu, machozi ya aibu yakimlengalenga. Buberwa naye aliona aibu. Maishani hakuwahi kumwacha mgeni na kiu. Aliweka buni mbili juu ya kaburi la baba yake, akatafuna moja, akaokota panga na kurudi migombani.