Shario Lisilohitaji Waya

Jumanne moja ya mwezi wa sita, mwaka 1993, Élise alimkabidhi fundi mmoja wa kiwanda cha shaba cha Shituru cherehani yake ya miguu, meza yake na kopo zima la vifungo, akapokea shario. Shario ni kigari cha umeme kilichokuwa kikibeba mabamba ya shaba ndani ya kiwanda: magurudumu manne madogo ya mpira mgumu, jukwaa la chuma lenye urefu wa kitanda, sanduku la batri chini yake, na mbele pahali pa dereva kusimama. Kiti hakuna. Paa hakuna, honi hakuna. Kuna pedali moja, mkono wa kugeuzia, na saa ndogo yenye mshale wa kuonyesha moto, yaani umeme, uliobaki ndani ya batri.

Majirani wa Kikula, mtaa wa mji wa Likasi, walitoka kutazama, wakasema mama huyu amechoka na akili zake, ameuza mashine iliyomlisha tangu afiwe na mumewe. Walisema kwa sauti ya kutosha ili asikie. Élise alisikia, akaendelea kupangusa saa kwa pindo la kitenge.

Hakuwa na haja ya kuwaeleza, kwani sababu waliijua. Mwaka uliotangulia, binti yake Bénie alishikwa na uchungu, akapelekwa hospitali ya kilimani juu ya baiskeli ya kubebea makaa, akiwa amefungwa mpira kiunoni asianguke. Ni kilomita saba, na mbili za mwisho ni mlima mtupu. Mtoto alifia njiani, chini ya mlima. Gari la wagonjwa lilikuwepo, lakini lilikuwa limekalia mawe manne na majani yameota hadi kwenye madirisha. Sasa Bénie alikuwa na mimba ya miezi saba, na mumewe Déogratias alikuwa akivunja mawe kwenye machimbo ya Kakontwe na kurudi Jumamosi kwa Jumamosi. Élise alisema huyu wa pili hapandi baiskeli. Alisema mara moja tu.

Wa kumfundisha alikuwa mzee Évariste, jirani wa nyumba ya tatu, aliyetumikia chumba cha batri cha kiwanda miaka ishirini na sita na ambaye suruali zake zote zilikuwa na matundu ya asidi. Alianza na maji. Chini ya kifuniko kulikuwa na vyumba ishirini na vinne, na kila kimoja kilitaka maji yake, yasipungue wala yasifurike. Yasiwe ya bomba, kwa sababu maji ya bomba ya Likasi yana chokaa ya kutosha kupaka ukuta. Walichemsha birika, wakakinga mvuke kwa sufuria baridi, wakakusanya matone. Kikombe kimoja kilichukua asubuhi nzima. Élise alikusanya vikombe tisa na hakulalamika.

Kuendesha ndiko kulikomtesa. Pedali ya shario ni ya kukanyaga na kuacha mguu palepale. Ukiinua mguu, breki inashika, na kuilegeza ni kwa mkono. Lakini mguu wa Élise ulikuwa mguu wa cherehani. Kila alipopanda, ulianza wenyewe kupiga juu na chini, juu na chini, kama anayeshona pindo, na shario likaruka na kusimama, likaruka na kusimama, hadi likaingia ndani ya bustani ya mihogo ya watu.

"Mama Bénie," Évariste alisema akiwa amelala kati ya mihogo, maana alikuwa abiria, "hii haiko mashini ya kushona. Kanyaga, acha muguu ikale pale. Ukiogopa, toa muguu."

"Minye siogope."

"Muguu yako inaogopa."

Siku ya nne alifunga mguu kwenye pedali kwa kitambaa, akaenda hadi mwisho wa barabara na kurudi bila kuruka. Siku ya tano alikifungua kitambaa. Siku ya sita mshale ulilala chini kabisa, na usiku wa kuamkia hiyo siku watu walikuwa wamefukua waya wa umeme wa mtaa mzima na kwenda kuuza shaba yake. Kikula ikabaki bila umeme. Évariste alilitazama shario, akatazama shimo refu lililokuwa na waya, akasema bahati mbaya nayo inajua kupanga kazi zake.

Kulikuwa na mtu mwenye jenereta karibu na stesheni. Élise aliwakusanya vijana wa mtaa, wakasukuma shario hadi huko, likaachwa pembeni ya reli huku yeye akienda kumtafuta mwenye jenereta. Jenereta ilikuwepo ila haikuwa na mafuta. Aliporudi, saa nne kasoro robo, mshale ulikuwa umefika katikati.

Stesheni ilikuwa imejaa watu wenye asili ya mkoa wa Kasai. Walikuwa wamezaliwa Likasi, wengi wao, na wazazi wao walizikwa Likasi; kisha mwaka uliopita wakaambiwa kwamba hapa si kwao. Nyumba zao sasa zilikuwa na mapazia ya watu wengine. Walikuwa wakingoja gari-moshi la kuwapeleka kwenye mkoa ambao baadhi yao hawajawahi kuuona, na gari-moshi halikuja. Walipika kati ya reli, walifua kati ya reli, na waliokufa walizikwa nyuma ya ghala.

Évariste alizunguka shario mara mbili, akainama kuangalia kama kuna mtu amelichomeka waya. Hakuna. Akapima vyumba kimoja baada ya kingine.

"Bon," alisema. "Inakula kungoya."

"Kungoya kwa nani?"

"Ya hawa bantu. Iko mingi hapa."

Élise alifikiri kidogo, akaona ni kweli, akauliza kama kuna hatari kwa batri. Évariste alisema kwa batri hakuna.

Wiki iliyofuata walilijaribu, kwa sababu mwenye chombo kipya lazima ajue chombo chake kinakula nini na kiasi gani. Mlangoni mwa benki, penye foleni, mshale ulipanda vizuri. Sokoni ulipanda kidogo, maana wauzaji wanangoja lakini pia wanapiga domo. Kanisani, siku ya Jumapili, mshale ulipanda kwa kasi wakati wa mahubiri, na mchungaji aliposema amina ukashuka wote kwa mara moja. Ndipo Évariste akaelewa sheria ya chombo, akamweleza Élise: kile kinachongojwa kikifika, moto unakwisha. Nyumbani kwa Élise mshale wa shario haukupanda hata mstari. Watu walikuja kukaa kando yake kwa hisani, wakasema mama, leo tutakungojea sisi, wakakaa hadi jua kuzama. Bure. Halikutaka kungoja kwa kusaidia.

Lililobaki ni stesheni. Kule, kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi, mshale ulifika mwisho wa juu.

Kwenye ukingo wa jukwaa la stesheni, palepale shario lilipozoea kusimama, alikaa Mwadi. Élise alimjua. Miaka kumi na mmoja meza zao zilikuwa jirani sokoni, Élise akishona, Mwadi akiuza ndakala, na harufu ya samaki iliingia ndani ya kila gauni Élise aliloshona. Siku watu walipokuja kupindua meza ya Mwadi, Élise aliinama chini kutafuta sindano. Sindano haikuwa imeanguka. Jambo hilo lilimuuma na aliona haya kulisema, basi alianza na jingine.

"Mama Mwadi, kungoya kwenu njo inatembeza shario yangu. Nasema tu, usisikie kwa bengine."

Mwadi aliangalia mshale ukipanda.

"Unaipeleka wapi?"

"Bénie iko na mimba. Juu ku hospitali."

"Basi chukua. Miezi ine inaozea hapa bure."

Tangu siku hiyo Élise hakwenda stesheni mikono mitupu. Alifunga mapipa mawili ya maji juu ya jukwaa la shario, akawagawia watu, shario likala, kisha akaenda mlimani kufanya mazoezi. Alipakia gunia la mawe lenye uzito wa Bénie, akaongeza jiwe moja kwa ajili ya mtoto. Mara ya kwanza shario lilirudi kinyumenyume nusu ya mlima, Élise akiwa amelikumbatia. Alijifunza kuupanda mlima kwa kukata upande kwa upande. Alijifunza kwamba mshale ukiwa katikati, mlima unapandika. Ukiwa chini ya robo, haupandiki hata uombe. Alijifunza kumimina maji ya batri bila kumwagia vidole. Viatu vyake viwili viliisha. Mwezi wa nane ulipoanza, alipanda mlima na mawe yake kwa dakika kumi na nne bila kusimama, akashuka, akapanda tena kwa usalama.

Uchungu ulimshika Bénie siku ya Ijumaa, saa saba mchana. Mshale ulikuwa juu kabisa. Élise alitandika godoro, akamlaza, Évariste akapanda nyuma kumshikilia, wakaondoka. Barabara ilikuwa na mashimo yake yote, na Élise aliyajua yote kwa majina aliyoyapa mwenyewe. Bénie alipiga kelele, kisha akanyamaza, jambo lililomtisha mama yake kuliko kelele.

Walikuwa wameingia mlimani, karibu na pale mtoto wa kwanza alipofia, honi ya gari-moshi iliposikika kutoka bondeni. Ilikuwa ndefu. Baada yake ikapanda sauti ya watu elfu kadhaa wakisimama kwa pamoja, na mshale ukaanguka chini. Shario likasimama.

"Train imefika," alisema Évariste.

Élise aliinua mguu, breki ikashika. Aliteremka, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akalegeza breki, akaanza kusukuma. Évariste akasukuma. Mzee wa miaka sitini na nne na mama wa hamsini na moja, na chuma cha kilo mia saba. Walikwenda hatua tatu, wakarudi mbili. Bénie akasema mama, kichwa kinashuka vibaya, nasikia. Élise alisikia hasira kali, na aibu nyuma yake, kwa sababu alijua anachokiomba. Watu kule chini walikuwa wakipata kile walichokisubiri, na yeye, ndani ya moyo wake, kwa maneno yote, aliomba wasikipate. Aliomba huku akisukuma. Hakuacha.

Walisukuma hivyo kama robo saa. Kisha honi ikalia tena, fupi, na sauti kule chini ikabadilika. Mshale ulitikisika. Ulipanda robo, ukapita robo, ukafika katikati bila haraka.

Évariste akarudi nyuma kumshikilia Bénie. Élise alipanda pahali pake, akaweka mguu juu ya pedali na kuuacha palepale, na shario likakata mlima upande kwa upande hadi mlangoni mwa hospitali. Muuguzi, Rosalie, aliwatoa watu wawili kitandani. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka mtoto shingoni mara mbili; Rosalie alisema dakika kumi zaidi na hapangekuwa na la kufanya. Ni msichana. Alilia kwa nguvu, na Élise akakaa chini kwenye sakafu ya korido akalia naye.

Kesho yake alikwenda stesheni na maji. Gari-moshi lilikuwa limekuja na mabehewa tisa, na watu walikuwa wa mabehewa thelathini. Tisa yalijazwa, milango ikafungwa, likaondoka. Waliobaki walikuwa wamerudi kwenye mikeka yao. Jukwaani kulikuwa na viatu vingi visivyo na wenzake.

Mwadi alikuwa pahali pake, na mkono mmoja umefungwa kitambaa.

"Mutoto alizaliwa," alisema Élise. "Mwanamuke. Iko muzima."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi kasoro robo. Shario ilisimama mu mulima, kiisha ikatembea tena. Ilikuwa saa tisa na robo."

Mwadi aliutazama mkono wake uliofungwa.

"Saa tisa na robo njo balifunga mulango," alisema. "Nilikuwa nimeshaweka muguu moya ku ngazi."

Élise alitaka kusema kitu. Alitafuta, kama siku ile alivyotafuta chini ya meza, lakini safari hii hakuinamisha kichwa. Alibaki akimtazama Mwadi usoni.

"Niliomba train isiende na nyinyi," alisema. "Pale mu mulima. Niliomba."

Mtoto wa mtu alipita akikokota sanduku. Kisha Mwadi akauliza kama mtoto wa Bénie ananyonya.

"Ananyonya."

"Bon," alisema Mwadi. Akapanga sufuria zake upya juu ya mstari uleule wa kungojea, akakaa uso wake ukitazama upande reli zinakotokea.

Élise alifungua mapipa akajaza vyombo vya watu wote, akianza na sufuria ya Mwadi. Alipomaliza, mshale ulikuwa umevuka alama ya mwisho, pahali ambapo Évariste alisema hajawahi kuuona katika miaka ishirini na sita. Kule Kikula kulikuwa na mama mwingine aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri, na watu wake walikuwa wametuma ujumbe. Élise alimuaga Mwadi, akakanyaga pedali, akaenda.