Kanuni ya Kukaa na Baiskeli

Saa tisa na dakika arobaini alasiri, Jumamosi ya tarehe kumi na nane Januari, alama ya Lukman kwenye ramani ya simu iliacha kusogea. Jotham aliiona akiwa karakanani Ras Al Khor, kwenye mji wa jangwani, mnyororo wa baiskeli mkononi. Hakushtuka. Alama ikisimama, mara nyingi mtu ameshuka kunywa maji.

Lukman alikuwa nchini Georgia, katika mji mdogo wa milimani, nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Kampuni yao iliishi kwa kuwapeleka watalii kwenye matuta ya mchanga kwa baiskeli za matairi manene. Msimu huu Faris, mwenye kampuni, aliwachukua wateja wanne kwenda kwenye theluji kwa mara ya kwanza, na Lukman akaenda kama fundi wao. Jotham alikuwa ameuliza kama kijana hahitaji mafunzo mengine. Faris alicheka.

"Mchanga, theluji, yote mamoja. Unapunguza upepo kwenye matairi, unakanyaga. Yalla."

Dakika tatu baada ya alama kusimama, uliingia ujumbe wa sauti.

"Mwalimu, huku meno yangu yanaongea Kiarabu yenyewe! Sikia, mteja kaangusha kamera, nikarudi kuichukua, sasa theluji imefuta njia yote. Arbab Faris hapatikani. Lakini usihangaike, kanuni naijua. Niko na baiskeli, sibanduki."

Kanuni ilikuwa ya Jotham. Miaka tisa ya jangwani ilimwonyesha kwamba anayeiacha baiskeli akatembea hupotea mara mbili, na anayejibanza kwenye kivuli cha baiskeli hupatikana. Lukman mwenyewe, Mganda wa Masaka, alipotea nyuma ya matuta wiki yake ya tatu kazini. Alikaa saa moja na dakika arobaini, wakamkuta mzima, analalamikia njaa tu. Tangu siku ile akamwita Jotham mwalimu.

Jotham alimjibu kwa ujumbe wa sauti: "Vizuri, kijana wangu. Baki hapo hapo, watakukuta." Akamwandikia Faris kwamba Lukman yuko nyuma, wampitie. Ujumbe wa Faris ulibaki na tiki moja, haujamfikia. Akarudi kwenye mnyororo.

Saa kumi na robo Virginia, aliyekuwa akipokea wateja, alileta chai. Jotham alimsimulia mzaha wa meno. Virginia hakucheka.

"Kwa hivyo amekaa?"

"Amekaa. Si ndiyo kanuni?"

"Kanuni ya jua hiyo. Jotham, mimi ni wa Kinangop. Kwetu umande ukiganda, hata ndama akilala unampiga teke ainuke. Baridi haingojwi. Mwambie atembee!"

Jotham aliweka kikombe chini bila kunywa. Alimpigia Lukman simu mara kumi na moja. Ilikuwa imezimika. Akaandika: Tembea. Teremka chini, usikae. Tiki moja.

Faris alipatikana saa kumi na dakika hamsini. Alikuwa hotelini na wateja wote wanne.

"Lukman? Si kashuka na gari la mizigo?"

"Hakushuka, arbab. Yuko mlimani."

"Wallahi, nilidhani yuko na dereva."

Waokoaji wa mji walimkuta saa moja na nusu jioni. Alikuwa ameketi, mgongo kwenye gurudumu la nyuma, jasho la kupanda mlima limegandia ndani ya fulana. Kamera ilikuwa mfukoni. Baiskeli haikuwa na hitilafu. Kutoka pale hadi nyumba ya kwanza zilikuwa mita mia saba, mteremko mtupu.

Jumapili asubuhi Jotham alipanda basi hadi mtaa wa Silicon Oasis, ambako Joweria, dada yake Lukman, alikuwa akilea watoto wa familia moja. Habari ya msiba alikwishapewa na Faris. Madam, mwajiri wake, alimruhusu ashuke ukumbi wa chini wa jengo kwa muda mfupi. Joweria alikuwa bado amevaa aproni.

"Pole, dada," Jotham alisema. "Pole sana."

"Inna lillahi. Kaka Jotham, nina swali moja tu. Wanasema nyumba zilikuwa zinaonekana. Lukman alikuwa na miguu mizima. Kwa nini hakuteremka?"

Hakuna mwingine aliyekuwa amezisikia sauti zile mbili. Simu ya marehemu ilikuwa kwa polisi, nchi nyingine, imefungwa kwa namba ya siri.

"Kwa sababu yangu," Jotham alisema.

Akatoa simu, akamwekea sauti zote mbili kwa mpangilio wake: ya Lukman, kisha yake mwenyewe.

Joweria alisikiliza akitazama sakafu. Ilipokwisha, aliomba arudishiwe ya kwanza. Jotham akairudisha. Akaiomba tena, na safari hii aliishika simu mwenyewe, ameibana sikioni. Ile ya pili hakuiomba.

Alimrudishia simu. Saa tano na dakika ishirini na moja aliingia kwenye lifti, na milango ikajifunga.