Nyumba ya Bi Mastura Yatafuta Leseni

Jumatatu saa mbili asubuhi Bi Mastura alikuwa akiepua mkate wa kumimina wa wageni wake wawili wa Kibelgiji, pale Fanueli, afisa wa leseni, alipobisha hodi mlangoni kwake, Pangani mjini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai."

Fanueli alikuwa kijana mpole wa Lushoto, na mkononi alikuwa na masharti mapya: anayepangisha vyumba kwa wageni wa siku mbili tatu lazima awe na leseni. Alikunywa chai kwanza, ndipo akasoma sharti la kwanza. Nyumba iwe na mlango wa dharura.

"Huo sina," alisema Bi Mastura, akaenda jikoni kuongeza maziwa.

Aliporudi, mlango ulikuwepo, kando ya kabati la vyombo. Ulikuwa wa kijani na rangi yake haijakauka. Fanueli aliufungua, akaufunga, akajifuta vidole.

"Unafaa. Ila masharti yanataka ufunguke kwa nje."

Mlango ukajigeuza.

Sharti la pili: kila chumba kiwe na choo chake. Maji yakasikika yakivutwa mara tatu ghorofani, ilhali hadi dakika ile nyumba haikuwa na ghorofa. Wale Wabelgiji walipanda ngazi na vipande vya mkate mkononi, wakashuka wakasema vyoo ni visafi.

Sharti la tatu lilikuwa maegesho ya magari. Katika kichochoro cha mbele ya nyumba baiskeli mbili zikikutana moja hupanda ukutani, basi nyumba ikajivuta nyuma hatua kumi, taratibu, isimwage chai ya watu.

"Ipite tu," alisema Sabra, jirani wa nyuma, "lakini nishikieni kamba ya nguo."

Bi Mastura alicheka mpaka akashika nguzo. Mawe ya nyumba ile aliyabeba kichwani mwenyewe, kuta akazipiga lipu pamoja na marehemu mumewe, Uweso, na miaka thelathini ameifagia. Hakujua kama nayo ilikuwa na hamu hivi ya kufaulu. Kufikia adhuhuri mitungi ya kuzimia moto ilikuwa imechomoza kwenye kuta zote. Fanueli aliibonyeza mmoja mmoja.

"Hii midogo bado haijaiva," alisema. "Nahesabu ile mikubwa."

Likabaki sharti la mwisho: hati ya kiwanja iwe na jina la mwombaji.

Bi Mastura akaacha kucheka. Siku ya kuandikisha kiwanja Uweso alikuwa kazini, akamtuma ofisini kaka yake, Abdulghani. Abdulghani akaandika jina lake mwenyewe.

Nyumba ilijitahidi. Darini zilidondoka hati arobaini, zote za Mastura. Fanueli alizikusanya kwa heshima.

"Mwandiko mzuri, mama. Ila hazina mhuri."

Bi Mastura akampigia shemeji yake simu palepale.

"Shemeji, nakuomba twende ukanibadilishie jina."

"Karatasi ni karatasi tu, shemeji," alisema Abdulghani. "Nyumba si unaishi wewe? Acha leseni itoke kwa jina langu, sisi ni ndugu."

Fanueli akainamia viatu vyake. "Tunamtambua mwenye hati. Pole, mama."

Leseni ilitoka Ijumaa. Bi Mastura aliisoma mara mbili, amesimama, mpaka kwenye namba ya simu. Jina lake halikuwemo. Akaitundika sebuleni, maana masharti yalitaka ionekane. Nyumba, kwa furaha, ikatoa roshani ya kutazama mto, na viti sita juu yake.

Jumamosi Abdulghani akafika kutoka Tanga na begi lake. Nyumba ikamfungulia chumba ambacho hata Bi Mastura hakuwahi kukiona, chenye madirisha pande tatu: mto, bahari na minazi. Bi Mastura akapanda na shuka na taulo. Abdulghani alizunguka akigonga kuta kwa kidole, akiridhika.

"Ajabu," alisema. "Hiki sikumbuki nilikijenga lini."

Bi Mastura alichomeka shuka pembe zote nne, akamwuliza angependa samaki wa kukaanga au wa nazi.