Pole ya Wambeti

Mutembei alikuwa ameendesha magari ya mbio vumbini kwa miaka kumi na minne, na muda huo wote hakuna aliyewahi kumwita mwongo. Mbishi, ndiyo. Mtu wa kununa akishindwa, hilo hata mkewe Makandi angeliapia. Lakini mwongo, hapana. Ndiyo maana wiki tatu baada ya ajali ya Mbeere, hakuna mtu katika karakana yake ya Kinoru aliyeshuku kimya chake.

Ajali yenyewe ilitokana na neno moja. Madereva wengine husomewa barabara kwa Kiingereza na tarakimu. Yeye na navigeta wake, anayekaa kando yake akimsomea kona kutoka daftarini, Wambeti, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Embu, walijitungia maneno yao ya Kiswahili, kwa sababu Mutembei alidai Kiingereza humfikia kichwani kona ikiwa imeshapita. Kona ya kukata sana waliiita kali. Ile ya kuondoa mguu kwenye mafuta waliiita pole. Misimu sita maneno hayo yaliwafikisha salama.

Siku hiyo gari liliruka tuta, likatua kwa kishindo, na kiwiko cha Mutembei kikagonga mlango. Akaguna kwa maumivu. Papo hapo sauti ya Wambeti ikamjia ndani ya helmeti: "Pole." Na yeye, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri, akajibu, "Asante," mguu ukabaki pale pale kwenye mafuta. Kona ikawatupa korongoni. Yeye alitoka na mikwaruzo. Wambeti alivunjika paja na nyonga, akazinduka hospitalini hakumbuki chochote tangu walipovuka mstari wa kuanzia.

Kamera ya garini ilikuwa imesagika, kwa hiyo aliyebaki na ukweli ni mmoja tu. Wakuu wa mashindano walitaka kujua kama kona ilisomwa au haikusomwa. Ikiwa ilisomwa, Mutembei angefungiwa msimu mzima, na kwa dereva wa miaka arobaini na mitatu huko ni kustaafishwa. Ikiwa haikusomwa, Wambeti ndiye asingekalia tena kiti cha navigeta. Watu mitaani walikuwa wameshaamua: mwanamke alisinzia na daftari mapajani. Mutembei aliyasikia hayo akayaacha yapite. Aliona aibu, tena sana, lakini aibu haikumfungua mdomo.

Jumamosi yeye na Makandi wakaenda kumjulia hali Wambeti kwao Dallas, mtaa wa Embu mjini, wamebeba maziwa na mkungu wa ndizi kutoka shambani kwao Kanyakine. Njiani alijiambia kwamba leo atasema. Alijiambia hivyo Chuka, akajiambia tena Runyenjes. Mamake Wambeti, Ciakuthii, aliwapokea kwa chai na maombi marefu. Kisha Wambeti, mguu umenyooshwa juu ya mto, akauliza lile swali ambalo Mutembei alikuwa akiliogopa.

"Nimejaribu kukumbuka mpaka nikachoka. Wewe ulikuwa hapo. Hiyo kona niliita ama sikuita?"

Hakukuwa na mtego wowote machoni pake. Mutembei alivuta pumzi aseme. Hapo akaliona gari lake, dereva mwingine amekalia kiti, naye amesimama kando ya barabara na watazamaji, amekula vumbi.

"Mimi sikuskia kitu," akasema.

Wambeti hakubisha, na hilo ndilo lililomchoma Mutembei. Angebishiwa kidogo tu, pengine angelegea. Badala yake Wambeti aliomba karatasi, akawaandikia wakuu kwa ule mwandiko wake wa ubaoni kwamba kosa ni lake na dereva asiguswe. Akampa Mutembei aipeleke. Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Ningekuua," akasema. "Uko na watoto, na mimi ningekuua. Nisamehe."

Mutembei akayakodolea macho maandishi. Ciakuthii akaweka kikombe chini. Nyumbani kwake mtu haombi msamaha akaachwa hivyo hivyo.

"Kijana yangu, mwambie umemsamehe," akasema. "Sema na mdomo, asikie. Huyu tangu atoke hospitali halali."

Makandi naye akamgusa goti kumhimiza. Mutembei akaikunja barua mara mbili, akaitia mfukoni.

"Nimekusamehe," akasema, na Ciakuthii akafumba macho, akaanza kumshukuru Mungu kwa moyo aliompa mtu huyu.