Mteremko wa Soni

…na injini nimeshaizima, mkono umekwenda wenyewe kabla yule dada wa bendera nyekundu hajamaliza kutusimamisha, wanatengeneza barabara hapa Pongwe, upande mmoja tu unapita, magari kama ishirini mbele yetu, na mimi siwezi, siwezi kuacha injini ingurume gari limesimama, mafuta yanaungua bure, mwendo wangu themanini, sikanyagi kwa pupa, nyumbani wakaniita bahili wa petroli, Zabron peke yake hakunicheka, mdogo wangu alisema nifundishe kaka… “Joto hili,” anasema Lea, mjane wake, anajipepea na ncha ya khanga, nyuma yetu msalaba wa chuma umelazwa juu ya viti, tunaupeleka Lushoto kaburini, jina lake limeandikwa kwa rangi nyeupe, na mimi sina pa kukimbilia, nikishuka nitasimama juani na Lea atakuwa bado yupo… “Shemeji, mpaka Lushoto tunakula lita ngapi?” Kumi na tatu, nasema, kurudi kumi na moja, haulizi kwa nini, kurudi ni mteremko, kutoka Soni mpaka Mombo, weka gia huru, nilimwambia Zabron, halafu zima kabisa, ila ufunguo usiuchomoe usukani utajifunga, gari litashuka lenyewe, na tulishuka tunacheka, Mungu wangu, tulishuka tunacheka, sikumwambia kwamba injini ikiwa imezimwa breki inakubali mara moja, mara mbili, halafu pedali inakuwa ngumu kama jiwe, nilijua, yalishanikuta, rundo la mchanga ndilo lililoniokoa, nikanyamaza kwa aibu, kwa aibu tu… na gari la Zabron lilipokutwa bondeni chini ya Soni, polisi wakaniuliza mbona ufunguo umezimwa, nikasema labda aliuzima aliyemtoa garini, wakaandika breki zilifeli… “Jana nimekutana na Idarusi,” anasema Lea, Idarusi fundi, aliyembadilishia Zabron breki wiki ile ile, “kanisalimia, nimempita kama mti, muuaji yule,” na nasema mm, miezi sita sasa nasema mm, mtaa mzima umemkimbia, gereji yake haina gari hata moja, juzi aliniamkia yeye kwanza, shikamoo kaka, nikaitikia marahaba, nikaitikia kwa sauti ya mtu msafi… “Nataka kujifunza gari,” anasema Lea, “mboga nitazifuata mwenyewe Lushoto kama alivyokuwa anazifuata yeye, unifundishe wewe, kila kitu ulichomfundisha Zabron,” kila kitu, nitamwambia aende shule ya udereva, au nitamfundisha yote nimfiche hilo moja, halafu siku moja dereva mwingine wa mboga atampa siri, mama zima hapa Soni uokoe mafuta, wote tunaifanya, na atazima, atashuka anacheka… jasho linaniingia machoni, dada wa bendera amekaa juu ya ndoo, hakuna gari lililosogea, “mbona hunijibu shemeji,” naogopa, naogopa uso wake utakavyokuwa, naogopa mama yangu, naogopa kanisani, lakini mdomo umechoka kusema mm… “Lea,” nasema, sijawahi kumwita jina tupu, “breki za Idarusi zilikuwa nzima.”