Mtani wa Sajenti Valentino

Kaka yangu Valentino alizikwa Rudewa kwa bendera, risasi za heshima na hotuba nzuri, na mama yetu alirudi nyumbani akiwa na hasira zaidi ya huzuni.

Hotuba ilisomwa na Meja Melkizedek Ngonyani, mkuu wake huko walikokwenda kulinda amani. Alisimama mbele ya jeneza, akakunjua karatasi, akatueleza kwamba waasi walipowazidi nguvu na kikosi kikalazimika kurudi nyuma, Sajenti Valentino Nyenza alijitolea kubaki darajani na bunduki ya rashasha ili wenzake wavuke. Waombolezaji wakatikisa vichwa kwa heshima. Mama akanishika mkono na kuuminya mpaka ukauma. Kabla Valentino hajaondoka, mama alikuwa amemketisha jikoni akamwambia kazi atakayopewa aifanye, ila asijitolee kwa lolote, kwa kuwa yeye ndiye mwana wa kiume pekee aliyembakia. Valentino akaapa huku ameshika rozari ya mama. Kaka yangu alikuwa na makosa yake mengi, na mengine nayajua mimi tu, lakini kumdanganya mama hakukuwamo.

"Kumbe aliniapia bure," mama alisema tulipofika nyumbani.

Tena kulikuwa na jambo la pili, ambalo majirani walilinong'ona wakiwa wanaosha masufuria. Marehemu hakutaniwa.

Sisi ni Wahehe tulioletwa Rudewa na mkonge. Babu alikuja kuukata, mashamba yakafa, sisi tukabaki tukilima mahindi. Watani wetu ni Wangoni. Mababu zetu na mababu zao waliuana vya kutosha, wakachoka, na baada ya hapo wakabaki kutukanana kwa kuchekeshana, wao wakituita wala mbwa, sisi tukiwaita wakimbiaji. Msibani mtani ana kazi yake. Anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anakalia kaburi na kuzuia shughuli mpaka apewe jogoo. Anasema yale ambayo wafiwa hatuwezi kuyasema, na mfiwa haruhusiwi kumkasirikia. Siku ile mtani alikuwepo na sote tulimjua, maana Valentino alizoea kutusimulia kwenye simu jinsi anavyomchokoza meja wake Mngoni na jinsi meja anavyomrudishia. Lakini mtani huyo alikuja na sare, kofia na karatasi. Alipomaliza kusoma alipiga saluti, akapanda gari, akaenda zake.

Mimi nafundisha historia mjini Kilosa, na wanafunzi wangu watakuambia kwamba majibu ya nusu huwa siyapi alama. Nilivumilia wiki chache. Mama alikuwa hali vizuri wala halali, akikaa anaitazama ile rozari kana kwamba ndiyo iliyomdanganya. Nikapanda basi kwenda Mikumi, ambako niliambiwa meja yuko likizo kwenye nyumba ya marehemu baba yake, anaandika kitabu.

Nyumba iko karibu na barabara kuu, malori ya Zambia yanapita hapo mchana kutwa. Sebule ilijaa vitabu vya vita. Meja Ngonyani si askari wa bunduki tu. Ana shahada ya udaktari katika mikakati ya vita, na kabla ya kupelekwa kule alikuwa akiwafundisha maofisa wenzake.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mwalimu. Karibu sana. Chai inakuja."

"Sikuja kunywa chai. Nimekuja kuuliza kama kaka yangu alijitolea."

Alinivutia kiti, akaketi, akaanza kunifundisha. Nadhani hakujua kwamba ananifundisha. Alisema kurudi nyuma ndiyo kazi ngumu kuliko zote vitani. Kushambulia hata mjinga anaweza, lakini kuwaondoa watu mbele ya adui bila wao kugeuka kuwa kundi linalokimbia ovyo kunataka hesabu, na katika hesabu hiyo lazima mtu abaki nyuma. Akanionyesha mchoro wa sura aliyokuwa akiiandika. Kulikuwa na mto, daraja, mishale ya kikosi ikivuka, na upande wa pili kiduara kidogo cha bluu. Kiduara kile ndicho kilikuwa kaka yangu.

"Somo hili nililifundisha miaka mingi kabla sijalifanya," alisema.

"Sijauliza somo, afande. Alijitolea?"

"Alisema atabaki."

"Alisemaje?"

Akautazama mchoro wake. Lori likapita, vioo vya madirisha vikatetemeka, naye akachukua penseli, akakikoleza kile kiduara. Nilimchukia. Nilimwonea huruma pia, na hilo liliniudhi zaidi.

Nikasimama. "Misa ya arobaini ni Jumamosi, na tutasimika msalaba. Afande hatumhitaji, alishasoma hotuba yake. Ila marehemu wetu bado hajataniwa."

Jumamosi alikuja peke yake, na shati la kawaida na viatu vyenye vumbi. Misa ilikuwa imekwisha, watu wamesimama kulizunguka kaburi mwisho wa shamba letu, mafundi wamekoroga zege. Alikwenda moja kwa moja kwa mama, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Naomba koti la yule mla mbwa."

Mtu mmoja nyuma yangu aliguna. Mama alimtazama, akaenda nyumbani, akarudi na koti la kahawia ambalo Valentino alilivaa kila Krismasi. Lilimbana meja mabegani. Alilivaa hivyo hivyo, akateremsha bega la kushoto, akaanza kutembea.

Sijui kama nitaweza kueleza. Alikuwa Valentino. Ule mwendo wa mtu anayejifanya hana haraka na hali amechelewa, ule mkono wa kujipapasa mfuko akitafuta kitu ambacho hakimo. Shangazi Hildegarda alicheka mpaka akalia, kisha akalia kweli. Meja akaenda akajilaza juu ya kaburi, palepale pa kusimika msalaba.

"Msalaba hausimami," alisema. "Kambini tulikuwa na mbwa mnene, mlinzi hodari. Tangu Mhehe huyu afike hajaonekana. Namtaka mbwa wangu."

"Mtafute huko mlikokuwa mnakimbilia," akajibu mjomba Beda, na kicheko kikapanda tena. Shughuli ilikuwa imekaa sawa sasa. Hata mama alilegeza midomo.

Kisha meja akainuka, akapiga goti moja kama mtu aliye nyuma ya rashasha, bega la kushoto bado liko chini.

"Siku ile darajani," alisema, "nilipita nyuma ya askari wangu nikiwa natafuta mtu wa kubaki. Huyu akageuza shingo, akaniambia hivi." Sauti ikabadilika, ikawa ya kaka yangu. "Afande Mngoni, tangulieni bwana, kukimbia ndiyo urithi wenu. Mmekimbia toka Afrika Kusini mpaka Songea, daraja hili litawashinda? Nendeni, Wahehe tutafunga mlango."

Watu walicheka. Nami nilicheka, maana ndivyo alivyokuwa kabisa. Meja hakucheka. Alibaki amepiga goti mpaka kicheko kikaisha chenyewe.

"Alikuwa ananitania," alisema, na sasa sauti ilikuwa yake. "Nilijua. Miaka yote tuliyokuwa pamoja, hakuwahi kunitania nisimjibu. Nilipaswa kumjibu, tucheke, halafu nimpe mtu amri kwa jina lake, au nibaki mimi. Lakini nilihitaji mtu, na mimi sikutaka kuwa ndiye niliyemchagua. Kwa hiyo sikujibu. Nikawaambia wengine wavuke. Aliponitazama akaona sijibu, akageuka akaweka bunduki yake sawa. Usiku ule nikaandika kwamba alijitolea."

Zege lilikuwa linakauka kwenye karai.

"Kwa hiyo hakujitolea," mama alisema.

"Hakujitolea, mama. Niliitumia mizaha yake."

"Hakuniapia bure."

"Hapana, mama."

Mama akafunga macho, akayafungua. Kisha akanigeukia, akaniambia nilete jogoo, kwa kuwa mtani haondoki juu ya kaburi mikono mitupu, na anayempa ni ndugu wa marehemu. Nilimtoa tengani. Nilisimama naye kifuani, moyo wa jogoo unapiga na wangu unapiga, watu wote wananitazama. Nilitaka kumtukana mtu yule mbele ya ukoo mzima. Mila hainiruhusu kumkasirikia mtani, na kwa mara ya kwanza niliiona mila hiyo ni nzito kuliko jeneza.

"Pokea, mtani," nilisema. "Jogoo ni wako. Afande simpi kitu, ana kazi yake kule mezani, kwenye kile kitabu."

Akampokea kwa mikono miwili. "Nikiandika hivyo, mwalimu, wakubwa wangu hawatapenda. Huenda nisifundishe tena."

"Sikudhani watapenda."

Alianza kuvua koti. Mama akamzuia. "Baki nalo," alisema. "Utalirudisha ukimaliza kuandika."

Msalaba ukasimikwa. Akaondoka na koti na jogoo, akitembea mwendo wake mwenyewe.

Mvua zilikuja, mahindi yakakomaa, tukavuna. Nilishaanza kumhesabu meja miongoni mwa watu wa maneno mazuri. Jana aliniletea sura nzima kwenye simu, na nilimsomea mama tukiwa tunapukuchua. Mchoro upo, mishale ipo, na kiduara cha bluu sasa kina jina. Chini yake ameandika: "Sajenti Valentino Nyenza hakujitolea. Alinitania, nami sikumjibu, kwa sababu ukimya wangu ulinipa mtu wa kubaki bila mimi kumwamuru." Kisha ameyaweka maneno ya utani yote, na Afrika Kusini yake na Songea yake.

Mama aliniomba nirudie hapo pa Wangoni kukimbia. Nikarudia. Akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akachukua hindi lingine.

"Mwambie alete koti," alisema.